Dole Gumba la Bi Dakika

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu tunayemwita Bi Dakika anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha uzamiaji, akiwaongoza wageni kwenye ile meli ya mvuke iliyozama kabla babu zetu hawajazaliwa. Mimi ndiye mjaza mitungi ya hewa, na nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila tangu Jumanne situlii.

Alianza kwa kufua taulo. Siku aliyoshushwa majini kwa mara ya kwanza, mkufunzi alimwonyesha duara la vidole, yaani: uko salama? Naye kwa bashasha zote akajibu kwa dole gumba. Masikini! Huku juu dole ni "safi kabisa", kule chini dole ni "tupande, tuondoke." Akapandishwa. Akashushwa, akaulizwa, akatoa dole tena. Mara tatu! Mkufunzi akaja kulalamika kwamba mfua taulo ni mwoga wa maji.

Mwoga! Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akitoa dole kwa hiari. Ukimwambia muda umekwisha, huinua kidole kimoja: dakika moja tu. Jina lilitoka hapo. Mumewe, shemeji yetu mvumilivu, anasema hata chai huinywa wima.

Wageni wakitazama samaki, yeye alipima. Kwa futi kamba na kibao cha plastiki ameichora meli bamba kwa bamba, na mchoro umejaa ukuta mzima wa chumba changu. Huo ndio uliowafanya wakubwa wapige marufuku kutupa nanga pale. Mbele kuna omo, nyuma kuna tezi. Pengo ni moja tu, ngamani, kule chini kabisa ilikokaa mizigo. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Marejeo hayo aliyapanga Jumanne iliyopita, kwa sababu daktari wa masikio amesema basi: sikio la kushoto halihimili tena, na Jumanne iwe mwisho.

Alishuka na mgeni mmoja, mwalimu wa hesabu aliyejitolea kushika ncha ya pili ya futi. Walifika mlango wa ngama hewa ikiwa tele. Ncha ya kwanza ilikwisha kufungwa kwenye nguzo pale mwalimu alipoanza kuhema ovyo, macho yamemtoka. Bi Dakika hakuomba dakika. Alitoa dole, akamshika mkono, wakapanda polepole mpaka juu. Futi imebaki kule.

Nilipokea mtungi wake ukiwa na zaidi ya nusu, na niliumia, nasema wazi. Yeye alimpa mgeni maji ya kunywa, akaniuliza kama mitungi ya kesho iko tayari.

Sasa aibu yetu. Karani wetu mpya, mtu mwema asiyejua hata kuogelea, alitundika bango la kuagana lenye dole gumba kubwa la manjano. Jumatano asubuhi Bi Dakika alisimama mbele yake, akauliza kwa sauti ndogo kama kweli tumemchoka kiasi hicho, kisha akaingia chumba cha mitungi akalia. Tuliomba radhi wote, karani kwa magoti, mpaka akacheka.

Bango tumelishusha. Ule mchoro, dada, hakuna atakayeugusa. Wenzio watashuka kuivuta ile futi, watakuletea vipimo, nawe utaichora ngama kwa mkono wako, tena umekaa.

Asante kwa kila mgeni uliyemrudisha juu. Ijumaa ukitoka getini hutaona dole la mtu. Utaona duara, kwa kila mmoja wetu, na kila Jumanne nitakupigia simu kuuliza lile lile. Maisha yawe mema kwako na kwa shemeji. Ila ujibu, Bi Dakika. Sheria ulitufundisha mwenyewe: anayeulizwa kama yu salama, asipojibu, anafuatwa.