Mama Vizibo na Mkufu wa Dirishani

Ndugu, majirani, mafundi wa karakana na nyote mliofika kumsindikiza dada yangu, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, na kabla sijaanza najua mnaniangalia shingoni, mnajiuliza huyu mzee wa miaka sitini na tisa, karani mstaafu wa posta, mtu wa tai na shati lililonyooka, kavaa nini msibani, basi nivumilieni, mkufu huu umo ndani ya historia na zamu yake itafika.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya wanne, baba yetu akiwa fundi viatu na mama yetu mshonaji wa mikeka, na mimi ndiye wa kumfuata. Mama alisimulia kwamba tangu dada anatambaa ilibidi amkague mdomo kabla ya kumlaza, maana mtoto yule hakuacha kitu chini, awe amekuta kifungo, msumari au mguu wa mende. Baba naye hakuwahi kuuza kiatu kilichosahauliwa bila kumngoja mwenye nacho, akampa binti yake sharti ambalo hakulivunja hadi anaingia kaburini, kwamba cha kuokota kikae dirishani siku saba kionekane na wapita njia, mwenyewe akija apewe, asipokuja ndipo kiwe chako.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1958 hadi Novemba 1965, akafaulu vizuri, ingawa aliadhibiwa mara mbili kwa sababu ya mifuko ya sketi yake, ambayo mwalimu wa zamu aliwahi kuimwaga mezani akakuta vizibo vya soda thelathini na kimoja, kipande cha kioo na mkono wa bomba. Tarehe 14 Aprili 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, kitengo cha vifungo, akakaa huko miaka kumi na minne bila kuchelewa hata siku moja, na tarehe 15 Desemba 1973 aliolewa na fundi baiskeli, shemeji yangu marehemu, mtu mpole aliyemletea mchumba wake spoki zilizopinda badala ya maua, na dada akasema hapo ndipo alipojua amepata mume. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mchomeleaji vyuma, wa pili ni muuguzi, na kitinda mimba ndiye anayeongoza karakana leo, na wajukuu ni saba.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Septemba 1983, wenzake wakarudi nyumbani wakilia, na haki yao, yeye akarudi na koleo, tupa na magunia mawili matupu. Akaanza kugonga vizibo vikawa bapa, akavuna nyaya za shaba kwenye mota za feni zilizoungua, akasugua vipande vya chupa kwa msasa mpaka havikati tena kidole, akatengeneza hereni, bangili na mikufu ambayo kwanza hakuna aliyeitaka, na watoto wa mtaani wakambandika jina la Mama Vizibo kwa nia ya kumcheka.

Sasa nifike kwangu, maana historia hii ingekuwa fupi na nzuri kama nisingekuwemo. Mwaka 1984 nilikuwa nikiishi chumba cha uani kwake, nimeajiriwa posta majuzi tu, nimepewa koti lenye vifungo sita vya shaba vyenye alama ya pembe, kichwa kimenivimba, na mkuu wangu wa kazi akasema angepita kunisalimia Jumapili ya tarehe 17 Juni. Niliona aibu ya yale magunia. Asubuhi ya Ijumaa, dada akiwa amempeleka mtoto kliniki, nilivaa koti langu, nikafagia kila kilichokuwa dirishani nikakitia guniani, nikayabeba magunia yote mawili na kuyarusha juu ya lori la taka.

Aliporudi hakuuliza habari za vizibo vyake, aliuliza habari za dirisha, kwa sababu hapo palikuwa na pete ya fedha aliyoiokota Jumatatu, haijatimiza siku saba, na mwenyewe alikuwa bado hajajulikana. Badala ya kuomba radhi nilipandisha sauti, mbele ya shemeji na watoto, nikasema maneno ambayo nayarudia hapa kwa adhabu yangu: “Takataka zako nitazivaa siku ya kukuzika.” Alifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa miguu hadi jalala kuu, akachambua siku mbili, na Jumapili mkuu wangu akiwa sebuleni na kikombe cha chai mkononi, dada akaingia mweusi kwa masizi, harufu ikiwa imemtangulia, pete iko kidoleni. Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni hiyohiyo, siku ya saba, mkunga wa mtaa alipita akaiona dirishani, akalia, ilikuwa ya ndoa yake.

Yule mkunga ndiye aliyemtangaza dada, kila nyumba aliyoingia kuzalisha alisema yuko mwanamke anayelinda hata kilichopotea, na watu wakaanza kumletea wenyewe saa zilizokufa, funguo zisizo na kufuli na vifuniko vya sufuria, kisha wakarudi kununua walichokileta, wasikitambue. Mwaka 1989 alijenga karakana yenye ukuta wa chupa, akawaita wanawake ishirini na sita waliopoteza kazi kiwandani pamoja naye, akaandika MAMA VIZIBO mlangoni kwa vizibo vyenyewe, na wale waliomcheka wakaja kuomba kazi kwa jina hilohilo. Mwaka 1996 alichukua tuzo ya kwanza ya kazi za mikono, na Novemba mwaka huo, kwenye sherehe ya kumuaga mkuu wangu, mke wa mkuu alivaa mkufu ambao kila mtu aliuulizia, akajibu kwa maringo kwamba ni wa Mama Vizibo, nami ndugu wa damu nikatulia kama maji mtungini.

Tulisalimiana miaka yote, tukazikana na kuozeshana watoto, lakini samahani haikunitoka. Na kwenye dirisha la karakana palikuwa na mkufu mmoja ulioning'inia msumarini, wateja waliutaka, mfanyabiashara mmoja aliutaka mara tatu, mimi mwenyewe niliuulizia mwaka 2004, na jibu lilikuwa moja tu, mkufu huo una mwenyewe.

Marehemu alianza kuugua figo Agosti 2021, akalazwa tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2023, na Jumamosi tarehe 3 Juni alinituma karakana nikamchukulie miwani. Ilikuwa imewekwa dirishani, chini ya ule mkufu, na kwa mara ya kwanza niliugeuza. Katikati ya shaba, kioo cha kijani na magurudumu ya saa palikuwa na kifungo chenye alama ya pembe, kile kilichonikatika nikirusha magunia, ambacho nilikatwa mshahara kwa ajili yake na nikagombana na dobi hadi leo nikidhani yeye ndiye aliyekipoteza. Alikiokota jalalani alipokuwa akitafuta pete, akakiweka nilipopaswa kukiona, na kwa miaka thelathini na tisa siku saba zangu zilikuwa hazijaisha.

Niliuvaa palepale, nikapita nao mtaa mzima, nikaingia nao wodini. Nikamwambia, “Dada, nimekuja kuchukua changu, nisamehe.” Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio, kisha akasema, “Umechelewa, lakini dirisha lilikuwa wazi,” akaniagiza nisiufiche nyuma ya tai. Alifariki Jumatano tarehe 14 Juni saa nne asubuhi, mikono yake ikiwa imetulia kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hata alipowaomba vifuniko vya chupa zao za dawa, majirani waliokesha nasi, na mafundi wa karakana waliofunga kazi siku tatu lakini wakaacha dirisha wazi, ambapo sasa hivi kuna ufunguo na hereni moja, mwenye navyo akavichukue. Wewe dobi, nakuona pale nyuma, hukunikosea kitu, mzee mwenzangu, nisamehe na wewe.

Niliapa kuvaa kazi ya dada yangu siku ya kumzika, nami leo nimeivaa, lakini kiapo chenyewe nilikuwa nimeshakivunja, maana kwa siku kumi na moja aliniona nayo kwa macho yake, na hakuna jambo nililowahi kulifanya katika maisha yangu ninalojivunia kuliko hilo. Dada, nimekuja, nimechukua, na sivui. Sasa pumzika kwa amani.