Siku Niliyoulizwa Kama Naridhia

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Raheli, mjane wa Yohana, aliyekuwa mkata mkonge upande wa Maramba. Wengi mnanijua kwa kuimba tu. Leo nataka mjue Mungu alinitoa wapi.

Yohana alikufa kwa homa, akaniacha na binti zetu wawili na shamba la migomba tulilolifungua wenyewe, yeye akifyeka, mimi nikichoma. Ndugu zangu, matanga yalikuwa hayajaondolewa, ndugu yake Shemdoe akaja akaketi kwenye kiti cha marehemu.

"Shemeji, jitayarishe," akaniambia. "Ukoo umekwisha kusema. Utakuwa mke wangu."

Nikamwambia, "Mimi nilifunga ndoa kanisani. Sitaki kurithiwa."

Akacheka. "Kanisa lilikuoza kwa Yohana, na Yohana hayupo. Wewe ni wa ukoo."

Watu wa ukoo walipoona sikubali, wakawachukua wanangu. Wakasema nitawapata nikiingia nyumbani kwa Shemdoe. Ee ndugu zangu! Nilikuwa nikipakua chakula nawaita kwa majina, halafu nakumbuka hawapo. Nilisali hata maneno yakaniishia. Ikafika asubuhi moja nikafunga nguo zangu katika kanga, niende kwake, yaishe.

Mwinjilisti wetu alinikuta mlangoni na furushi langu. Akaniuliza naenda wapi, nikalia. Akasema, "Mama Raheli, sheria ya serikali haikubali mwanamke aozwe bila ridhaa yake, hata akiwa mjane. Nenda barazani kwa hakimu ukaseme."

Mimi nilidhani sheria ni mambo ya kodi na ya wanaume. Sikujua kama ndani yake limo neno linalonihusu mimi. Nikaliweka furushi chini, nikaenda kumshtaki Shemdoe.

Barazani Shemdoe alisema vizuri sana. Alitaja desturi, akataja wahenga, wazee wakaitikia. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Nikamwomba Mungu moyoni, "Bwana, sema Wewe."

Ndipo akainuka mama mkwe wangu, aliyekuja pamoja na upande wa Shemdoe. Hakimu akamwambia, "Bibi, kaa. Hujaulizwa."

"Kweli, bwana," akajibu. "Sijapata kuulizwa. Baba yake Yohana alipokufa nilipewa ndugu yake, na huyu Shemdoe nilimzaa humo. Nampenda, ni mwanangu. Lakini sikuridhia hata siku moja. Muulize huyu mkwe wangu, bwana, kabla hajawa kama mimi."

Ndugu zangu! Shemdoe aliinama, akawa anatazama miguu yake. Naamini hakuwa amelisikia neno lile maisha yake yote. Nilimhurumia, nami sikutegemea kumhurumia.

Hakimu akanigeukia. "Raheli, je, unaridhia?"

Tangu nizaliwe sikuwa nimeulizwa hivyo na mkubwa yeyote. Hata kwa Yohana, niliyempenda, waliulizwa wajomba. Sauti ikanirudia. Nikasema, "Siridhii, bwana."

Akaamua nisirithiwe kwa nguvu, na wanangu warudishwe kwangu. Haleluya! Shamba hakunipa, alisema ni la ukoo. Sheria iliishia hapo, nami nasema kweli mbele zenu, liliniuma, na bado linaniuma. Sasa nalima kipande nilichoazimwa karibu na kanisa. Namwomba Mungu sheria itembee mbele zaidi, ifike hata mashambani. Mama mkwe alilaumiwa sana nyumbani, lakini huja kwangu, wajukuu wakamsuka nywele, tukala pamoja.

Namshukuru Bwana aliyekifungua kinywa cha mama yule wakati changu kimefungwa. Dada yangu unayenisikiliza, labda nawe umekwisha kufunga furushi lako. Mtumaini Mungu. Sema naye hata kwa machozi, anasikia. Kisha nenda barazani, usiogope wingi wa wanaume. Na kama huna wa kufuatana naye, njoo unibishie hodi. Nitakwenda nawe.