Pazia la Upande wa Adrien

Aliyeniambia kwanza habari ya barua ni wifi yangu Colette, jikoni, vidole vyake vikiwa bado na unga wa ploye, zile chapati zetu za maji. "Wifi, baba anatuita wote. Ana barua ameishikilia tangu asubuhi na hataki mtu aiguse. Mlete na mtoto."

Tukaingia chumbani: Colette, mume wangu Réal, na mimi na mtoto begani. Baba mkwe, Lucien Bouchereau, aliyekuwa mbunge wa Bunge la jimbo la Maine kwa miaka kumi na sita, alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu. Alisema hivi, nami nimeyaandika kama nilivyoyasikia.

Sikilizeni, wanangu, wala msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimia kijiko. Réal, acha kusimama mlangoni kama anayengoja basi, kaa. Nawe Aline, mkwe wangu, sogea na huyo kijana nimwone.

Shamba ni la Réal, ekari zote mpaka mtoni, pamoja na ghala la viazi na ile trekta isiyowaka mpaka itukanwe. Nyumba ni yenu wote. Atakayemfukuza mwenzake hana baraka yangu. Kibao cha gari chenye namba ya kiti changu, ambacho mmekigombania tangu Krismasi, nampa mtoto huyu, atelezee theluji. Na wewe Colette, unakitaka kiti chenyewe, umekwisha kuchapisha mabango. Mwanangu, kiti si shamba, hakirithiwi. Kiombe jikoni kwa jikoni kama nilivyokiomba mimi, ule ploye za kila mama na uzisifu zote, hata za Madame Ouellette, ambazo ungeweza kuzibia paa. Nilifanya hivyo mara tisa, nikashinda nane. Hiyo ya tisa ndiyo niliyowaitia.

Mnamjua Winslow Tarbox kwa jina tu. Alikuwa mvuvi wa kambakoche kutoka pwani ya Maine, wa upande wa pili bungeni, na kwa miaka kumi na sita hatukukubaliana hata juu ya hali ya hewa. "Kiazi," huniambia mbele ya watu, "leo umeleta hoja au umeleta mbolea?" Nami namjibu, "Mbolea, mheshimiwa, maana naona kwako hakuoti kitu." Nilimpenda mtu yule. Sikuwahi kumwambia.

Jumatatu moja ya baridi kali alinishika mkono ukumbini, uso mweupe kama sahani. Akasema, "Lucien, kesho sitakuwepo. Tufungane." Nyinyi mnaijua desturi ile: wa upande huu na wa upande ule wakipeana mkono, aliyeondoka na aliyebaki wote hawahesabiwi, ili mtu mwenye shida asiuponze upande wake. Nikamwuliza, siku nzima? Akasema, siku nzima. Mkewe, Thelma, akili yake ilikuwa imevunjika baada ya kumzika mtoto wao, naye alikuwa anampeleka hospitali, na mama yule aliomba kitu kimoja tu, kwamba asijue mtu. Nikampa mkono, nikampa na mdomo wangu. Kila mbunge mpya hufundishwa: tazama ratiba kabla hujatoa mkono. Mimi mkongwe sikutazama.

Mswada wa kuinusuru shule yetu ulipangwa Alhamisi. Dhoruba ikatangazwa, na Spika, kwa kutuhurumia sisi tunaoendesha gari kwa saa tano kurudi kaskazini, akauvuta mpaka Jumanne. Nilisimama, nikasema, "Mheshimiwa Spika, mimi na Tarbox tumefungana. Yeye angekataa, mimi ningekubali." Taa zikawaka ubaoni, kijani sabini na mbili, nyekundu sabini na mbili, na kura zikilingana mswada umekufa. Kidole changu kilikuwa inchi moja kutoka kwenye kitufe. Wanangu, ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Lakini msidhani kitendo kile kilinipa usingizi.

Mlinzi wa shule ile alikuwa mdogo wangu Adrien. Miaka ishirini aliwasha tanuri la kupasha moto madarasa kabla ya jogoo, na kila vuli, majani yakiwa mekundu, watoto waliporudi darasani baada ya wiki tatu za kuokota viazi mashambani, aliwahesabu mlangoni mmoja mmoja kama kondoo. Juni shule ikafungwa. Hata hapo angenisamehe. Lakini Tarbox, mjinga mwenye moyo mzuri, alikuwa amenitumia sanduku la kambakoche hai kwa basi, na sanduku likashushwa juu ya kaunta ya duka Jumamosi ya wiki ile ile ya kura, mji mzima umo ndani, na karatasi imebandikwa: Kwa Lucien, ahsante kwa kura yako.

Adrien akaisoma kwa sauti. Kisha akanigeukia. "Kaka, hebu tuambie, hawa wadudu wana ladha ya shule?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Ningeweza kumjibu kwa maneno kumi, na maneno hayo kumi yangemfikia mama mgonjwa kabla ya Jumatatu. Nikabeba sanduku nikatoka. Mama yenu aliwapika, nami nikala, na Mungu anisamehe, walikuwa watamu.

Uchaguzi uliofuata Adrien alisimika bango la mpinzani wangu shambani kwake, ng'ambo ya barabara, likitazama dirisha hili. Nikavuta pazia. Nilishindwa kwa kura tisa, na meza ya Adrien ina viti kumi. Miaka thelathini na moja pazia hilo halijafunguliwa, mmekua mkidhani limeshonewa ukutani.

Msimchukie baba yenu mdogo. Mwaka niliovunjika mguu nilikuta viazi vyangu vimechimbwa na vimo ghalani, mapipa arobaini, mifuniko imefungwa kwa fundo ambalo mtu mmoja tu katika mji huu hulifunga, fundo la kengele ya shule. Sikwenda kumshukuru. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, ndivyo wazee walivyosema. Yeye alinilimia hata tukiwa tumegombana, nami nilikaa nyuma ya kitambaa. Hilo ndilo kosa langu, si lile la ratiba.

Sasa Tarbox amekufa, na Thelma ameniandikia. Nawasomea mstari mmoja, macho yangu... huu hapa. "Winslow aliniambia kabla hajafa kwamba ulinyamaza kwa ajili yangu. Nimepona siku nyingi, Bwana Bouchereau. Sema."

Sitaki kufa nikiwa mwizi machoni pa Adrien. Zaidi ya hilo sitaki kitu.

La, Colette, si wewe. Ukifika kwake utahutubia. Na Réal atamkumbusha mpaka wa shamba. Aline atampelekea barua hii. Ndiyo, wewe, mwanangu, usiogope. Wasemaji nyumba hii imewapata wa kutosha. Usimwambie kitu. Mpe barua, mpe na ploye zikiwa za moto, basi.

Asubuhi, kama bado nipo, fungueni pazia, alione kutoka kwake. Kama nimekwenda, liacheni. Atajua. Na hapo mwambieni abebe jeneza mbele, kushoto, bega lake ni refu kuliko la... kuliko langu.

Nipe maji. Hapana, inatosha.

Mungu awape mvua kwa kipimo, na ardhi isiyo na mawe mengi. Awape adui kama Tarbox. Colette... ratiba, kabla ya mkono. Ukishatoa mkono... umeutoa. Réal, itukane trekta polepole. Mtoto... mwacheni aguse uso wangu. Hivyo. Aline... za moto...

Hakusema tena usiku ule.

Asubuhi nilikaanga ploye kumi na mbili, nikazifunga kwa taulo, nikaitia barua kifuani na kuvuka barabara, theluji ikinifika magotini. Mzee Adrien alifungua mlango kabla sijabisha. Nikampa barua. Aliisoma amesimama, akairudia, akaikunja vizuri, kisha akatazama juu ya kichwa changu kuelekea nyumbani kwetu. Nami nikageuka. Pazia lilikuwa limefunguliwa, na Réal alikuwa bado amelishika kwa mkono.

Mzee alikaa kwenye kiti cha mlangoni akaanza kuvaa buti. Kamba zikawa zinamtoroka vidoleni. Nikaziweka ploye chini, nikapiga magoti nikamfungia.