Mama Kijiti, Mwalimu wa Marubani

Marehemu mdogo wangu alizaliwa mwaka 1957. Hapana, ngojeni. Huo ndio mwaka niliomwambia mchapaji, na ndio uliopo kwenye jalada la karatasi mlizoshika, ila si kweli. Mwaka 1957 ni mimi niliyeanza shule. Yeye alikuja mwaka uliofuata, Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, saa nne asubuhi. Nina hakika, kwa sababu nilirudi nyumbani wakati wa mapumziko kuchukua rula niliyoisahau, nikakuta mlango umefungwa. Mkunga akachungulia dirishani akasema, "Kaa hapo nje, baba. Unaletewa mtu wa kugombana naye." Basi wenye kalamu msahihishe jalada. Marehemu asingekubali kuzikwa na tarehe ya kubahatisha.

Tulizaliwa wawili tu. Mimi niliishia darasa la nne nikashika randa, na useremala ndio ulionizeesha. Yeye alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi mwisho wa 1975. Alikuwa anasoma kila kitu, hata vipande vya magazeti nilivyofungiwa misumari. Nikimtuma misumari robo kilo, inafika ikiwa imemwagika kwenye sketi na karatasi iko usoni.

Mwezi Februari 1976 aliajiriwa kuwa karani wa shule ya urubani, kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama njia ya kurukia. Kazi yake ilikuwa daftari lenye safu mbili: saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Tarehe 3 Oktoba 1978 mwanafunzi mmoja hakupata saa ya kurudi. Ndege ilikutwa shambani, yeye hayupo tena duniani, na tangi kavu kabisa. Mshale wa mafuta ulikuwa bado unaonyesha nusu. Mdogo wangu alikaa na daftari lile mapajani hadi mlinzi alipokuja kufunga ofisi. Nyumbani aliniambia, "Kaka, nitajifunza kurusha hizi ndege, halafu nitafundisha watu kurudi." Nilidhani ni huzuni, itapita. Haikupita. Leseni ya urubani aliipata tarehe 9 Agosti 1981, ya ualimu tarehe 2 Juni 1986, na alifundisha hadi Desemba 2017. Wanafunzi 263 waliruka peke yao mara ya kwanza kwa saini yake. Leo nimeuliza tena, maana wengi wenu mpo hapa mbele yangu: hakuna hata mmoja aliyefia kwenye ndege. Nasimama hapa na suti ya kuazima, lakini kifua ni changu mwenyewe.

Jina la Mama Kijiti alipewa kwa sababu yangu. Shule ilikuwa na ndege mbili ndogo, nyekundu na ya bluu. Mshale wa mafuta alishaukataa tangu ule mkasa, hivyo akaniomba nimchongee vijiti viwili vya kutumbukiza tangini, vyenye alama za lita, kila kimoja na ndege yake. Nikapaka kichwa cha kimoja rangi nyekundu na cha kingine bluu. Tangi la nyekundu ni jembamba, kwa hiyo kina kile kile cha mafuta kina lita chache. Ukipima ndege moja kwa kijiti cha nyingine, umejidanganya kwa mkono wako mwenyewe.

Alifunga ndoa tarehe 21 Julai 1984 na mpimaji wa hali ya hewa wa pale uwanjani. Siku ya harusi alishuka kwenye gari na gauni lake, akamwambia dereva afungue boneti aone oili. Dereva akasema, "Bibi harusi, tunachelewa!" Akamjibu, "Tunachelewa kwenda. Kufika bado hatujachelewa." Shemeji naye hakusalimika. Miaka yote akimwambia upepo uko hivi, marehemu anasema asante mume wangu, halafu anatoka nje kuangalia mwenyewe. Shemeji anacheka hapo, anajua sisemi uongo. Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa nifike pale ambapo nisingependa kufika. Mwanangu wa pekee alisomea urubani kwa shangazi yake. Jumamosi tarehe 12 Juni 1999 ilikuwa safari yake ya kwanza ya mbali peke yake, saa mbili angani kwenda na kurudi. Nilialika majirani sita na mpiga picha, na viatu nilinunua vipya. Tukasimama kando ya banda la ndege. Shangazi akamwendea na fomu mkononi.

"Mafuta?"

"Lita themanini, Shangazi."

"Huku mimi si shangazi."

"Lita themanini, Mwalimu."

"Umepima na nini?"

"Na kijiti kilichokuwa ndani ya ndege."

"Kilete. Kichwa chake rangi gani?"

Mwanangu alikitazama, akamkabidhi. Kilikuwa cha bluu, na ndege aliyokuwa anaipanda ni nyekundu. Fundi wa ndege akapima upya kwa kijiti halali: lita arobaini na tano. Safari inakula hamsini.

"Shuka," mdogo wangu alisema. "Leo huruki. Jumatatu tunaanza somo la ukaguzi kutoka ukurasa wa kwanza."

Mpiga picha akaanza kufunga mkoba. Jirani mmoja akauliza kama ndege imeharibika. Damu ilinipanda. Nikamvuta pembeni, "Mdogo wangu, si kosa umeshaliona? Jazeni mafuta, mtoto aende."

"Leo nimeliona mimi, kaka. Wiki ijayo ataliona nani?"

"Unaniaibisha mbele za watu! Huyu ni damu yako!"

"Ndiyo maana nataka azeeke."

Sikumsemesha kwa miezi saba. Mwanangu alirudia masomo bila kinyongo. Kinyongo nilikibeba mimi kwa niaba yake. Tarehe 4 Septemba akaruka ile safari, akaenda, akarudi. Nilialikwa, nikasema nina kabati la watu la kumaliza. Kabati lenyewe lilikuwa limeisha tangu Alhamisi. Siku moja tu maishani mtoto wangu aliondoka peke yake safari ya mbali mara ya kwanza, na mimi nilikuwa karakanani nasugua msasa ubao uliokwisha kuwa laini.

Januari 2000 mdogo wangu aliingia karakanani bila hodi, akakaa juu ya benchi langu. "Nichongee vijiti vingine," akasema. "Rangi haitoshi. Kimoja kiwe cha mviringo, kingine cha pembe nne, mtu ajue kwa kiganja hata asipotazama." Nikamwambia sina mbao. Akasema, "Umezikalia." Tukacheka mpaka nikatafuta pa kujishika. Vile vijiti ndivyo vinavyotumika hadi leo. Mwanangu sasa ni rubani wa ndege kubwa, ana mvi, na bado anatembea kuizunguka ndege kabla ya kupanda, akigusa huku na huku, abiria wakimshangaa.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Mei 2021. Wodini hakuacha ualimu. Muuguzi akija na sindano anaambiwa, "Soma kichupa kwa sauti, mwanangu, halafu soma jina langu." Wauguzi walimlalamikia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu walikuwa wanasomeana wao kwa wao, hata kwa wagonjwa wengine. Alifariki Jumanne tarehe 7 Februari 2023, saa tano asubuhi, mumewe ameshika mkono mmoja na mimi mwingine. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, mtoto wa kaka aliyelibeba jeneza upande wa mbele kulia, na wanafunzi 263. Safari hii ni yeye aliyetutangulia kutua. Apumzike, kazi aliifanya ikakamilika.

Imebaki moja tu, na sitaki irudi nami nyumbani. Siku moja kabla ya ile Jumamosi ya Juni, vijiti vyote viwili vilikuwa karakanani kwangu kupakwa rangi upya. Jioni ni mimi niliyevirudisha kwenye zile ndege, kwa haraka, mawazo yote yako kwenye viatu vipya. Na yeye alikuwa na tabia ya kuwatega wanafunzi wake kwa kosa la makusudi, ninyi mnajua. Nilimuuliza fundi wa ndege, akasema, "Mzee, kamuulize mwalimu." Nilimuuliza mwalimu pale pale karakanani, na nikamuuliza tena wodini wiki ya mwisho. Alinitazama, akatabasamu, akaniomba nimsogezee mto.

Nani alikiweka kijiti cha bluu kwenye ndege nyekundu: yeye, au mimi?