Anga Lililofika Jeusi kwa Outi

Kijiwe chetu kiko kwenye uwanja wa soko wa Rauma, benchi la mbao ubavuni mwa hema la kahawa la Sirkka. Watu wanatuita Bunge, japo tumebaki watatu. Yuko Taisto, mzee wa bandarini, tunamwita Rada kwa kuwa hakuna habari inayompita. Yuko Ilpo, yaani Penseli, aliyechora vibao vya maduka mpaka mashine zikamnyang'anya kazi, akajifunza uzeeni kuchora kwa kompyuta. Na mimi, Mkasi, kinyozi mstaafu. Tunakaa hapo mpaka Sirkka afunge, maana hakuna kati yetu anayesubiriwa nyumbani.

Kiangazi kile Penseli alimtengenezea binti yake Outi, anayeishi Porto, Ureno, ukurasa wa mtandaoni wa siku yake ya kuzaliwa. Alimchorea anga letu la usiku wa Juni, ambao huku kaskazini hauingii giza: njano hafifu chini, ikipanda taratibu kuwa waridi, kisha buluu. Kwenye kompyuta yake lilipendeza. Outi alipolifungua kwenye simu akaona weusi mtupu, akaandika: "Baba, mbona giza? Uko sawa?"

Penseli akatuambia amemjibu palepale kwa kumuuliza anatumia kivinjari gani, yaani programu gani ya kufungulia mtandao.

– Hilo ni joto, Rada akasema. Ureno jua linababua rangi ya gari, sembuse ya simu.

– Rangi ya kompyuta haibabuki, bwana, nikamwambia. Ni kampuni za simu hizo. Rangi nyingi ni mzigo, wanaushusha njiani.

– Mkasi, umenyoa vichwa maisha yako yote na bado hujui ndani mna nini.

Kesho yake Rada alikuja na kubwa zaidi. Alidai simu za watu wa kusini hazijawahi kuona usiku wenye mwanga kama wetu, kwa hiyo zikiambiwa ni usiku zinaweka giza, basi, hazitaki maelezo. Sirkka alicheka nyuma ya birika lake. Penseli hakucheka. Alikuwa anasoma ujumbe mwingine.

Kila asubuhi alikuwa na jipya. Mara Outi amempigia picha kioo cha simu yake amtumie. Mara ameazima simu ya rafiki, na humo anga limeonekana lote. Mara amejaribu ya jirani, giza. Baba na mwana waliozoea kuandikiana Krismasi tu, sasa walikuwa wanaandikiana kabla ya kifungua kinywa. Penseli akaja kwangu nimpunguze nywele, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu majira ya baridi.

Halafu akalijua tatizo. Maelezo ya zile rangi, yaani ianze ipi na iishie ipi, alikuwa ameyaweka kwenye mchoro mwingine katika ukurasa uleule, na mchoro huo akauficha usionekane. Kivinjari chake kilizichukua rangi hata mafichoni. Cha Outi kilihesabu kwamba kilichofichwa hakipo, kikaliacha anga bila rangi, ikabaki karatasi nyeusi aliyokuwa ameitandika chini yake. Alichofanya ni kuacha kuuficha. Aliupunguza tu ukawa hauna upana wala kimo, lakini upo. Outi akaandika: "Sasa naliona. Zuri sana, baba."

Baada ya hapo, kimya. Penseli alikuwa anaiweka simu juu ya goti na kuigeuza, kisha anaigeuza tena.

– Limepona, akatuambia. Hana tena cha kuniandikia.

Rada alimshauri alivuruge upya, nani atajua? Penseli akakiri kwamba jana yake aliufungua ukurasa kwa nia hiyohiyo, akaona aibu, akaufunga.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni na kikombe chake. Alituambia anaitwa Aune, amehamia mjini karibuni, na akaomba radhi kwa kusikiliza yasiyomhusu siku zote hizi.

– Binti alipokuuliza kama uko sawa, ulimjibu nini?

– Nilimuuliza kuhusu kivinjari, Penseli akasema.

– Hilo nimelisikia. Mimi nauliza habari yako wewe.

Rada, mwenye nadharia ya kila kitu duniani, alitazama ndani ya kikombe chake. Mimi nilimkumbuka kaka yangu wa Turku, ambaye kila akiniuliza hali namwambia hali ya hewa.

Penseli alichukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, muda mrefu. Akanisogezea nimuangalizie kama hakukosea herufi. Ilisomeka: "Outi, siko sawa sana. Nyumba imekuwa kimya mno." Nikamwambia hakuna kosa. Akautuma.

Hakuwa hata ameirudisha simu mfukoni. Ikaita. Aliitazama kwanza kama mtu asiyejua inapokelewaje, kisha akainuka, akaenda kusimama kando ya meza ya muuza viazi, akitugeuzia mgongo. Maneno hatukuyasikia. Tuliona tu mabega yakitikisika, na mkono ukipanda usoni.

Aune akamaliza kahawa yake, akaaga, akaenda kuwahi basi. Sirkka akainamisha birika, likatoa tone moja tu. Mimi na Rada tulibaki pale na vikombe vitupu.