Mzee Ayub Mukhwana, Aliyefungua Mikono ya Watu wa Lubao

Wapendwa waombolezaji, marehemu Mzee Ayub Mukhwana alizaliwa mwaka 1919 nyuma ya soko la Lubao, mtoto wa kwanza wa wazazi wake, akafuatwa na Chrispinus, ndiye huyu mnayemsikia, ambaye familia imemchagua kusoma kwa kuwa ni mwalimu, na mkisikia yasiyo kwenye karatasi, ameyaongeza yeye.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1934 ili karo ya Chrispinus ipatikane, akaingia msitu wa Buyangu kupasua mbao kwa miaka thelathini, naye mdogo wake akawa mwalimu, ingawa kila aliposifiwa, hakukosa mtu wa kuuliza habari za kaka yake.

Tarehe 18 Desemba 1943 alifunga ndoa na Selpher Navalayo, Mungu akawajalia watoto sita, wanne wako hai.

Mwaka 1963, wamisheni walipoondoka na kanisa likabaki kuta bila mabati, alitafutwa mtu wa kuhimiza sadaka, na Chrispinus, aliyekwisha kushonesha suti, alijua ni yeye, lakini mikono iliinuliwa kwa Ayub wa darasa la nne, na tangu siku hiyo wivu ulimkaa Chrispinus kooni. Kila Jumapili baada ya ibada Ayub aliinua juu kuku wa sadaka na kuita, "Hii ingokho ya Bwana, nani ataacha irudi nyumbani na aibu?", watu wakacheka, wakanunua, na aliyenunua akamrudisha kuku auzwe tena, hata jogoo mmoja aliuzwa mara tano, na mabati yakapanda.

Tarehe 12 Septemba 1965, Ayub akiwa kitandani kwa malaria, Chrispinus alisimama mahali pake, akasoma majina ya wasiotoa, kama anavyoita rejista darasani, wajane wakiwemo, akidhani aibu itatoa sadaka nyingi kuliko kicheko, na Jumapili iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu. Ayub, bado akitetemeka, alizunguka nyumba kwa nyumba, akasema orodha ile aliiandika yeye na mdogo wake alitumwa tu, akaomba msamaha, akajiuzulu, watu wakarudi, na nafasi akapewa Chrispinus, anayo mpaka leo.

Mwezi Machi mwaka huu wa 1969 alianza kuugua kifua, akalazwa hospitalini Kakamega, akafariki Jumatano tarehe 9 Julai, saa kumi na moja alfajiri, mama Selpher akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kuni na unga bila kuombwa, wapasua mbao wenzake, na waumini wote.

Limebaki moja. Orodha ile Chrispinus aliiandika mwenyewe, kwa wivu, Ayub hakuiona hata kwa macho, na kwa miaka minne kaka huyo alipokuja kumsalimu alijibiwa kwa mkato, akaenda zake bila kumwambia mtu. Hata asubuhi hii, Chrispinus alipoona watu wamejaa mpaka barabarani, na hakuna aliyesoma majina yao ili waje, ameona wivu tena, Mungu amsamehe.

Basi pumzika kwa amani, kaka Ayub, na kuanzia Jumapili ijayo kanisa litafute mtu mwingine wa kuhimiza sadaka.