Maalim Nadhir na Chapati ya Choroko ya Seoul

Asalamu alaykum, wasikilizaji wapendwa. Aliye jikoni na apunguze moto. Aliye njiani baina ya Sur na Ibra na ashike usukani vizuri, huku ananisikiliza. Mimi ni Manar. Leo tuna mtu wa kumkumbuka, na familia yake imenipa ruhusa nikihadithie kisa chake kimoja. Ni kisa cha hofu. Hofu ya miaka saba, kwa sababu ya chapati.

Msicheke. Ngojeni kwanza.

Maalim Nadhir bin Khalaf amefariki dunia hapa Ibra Jumatatu iliyopita. Alikuwa na miaka sabini na sita. Kazaliwa Unguja, mtaa wa Kikwajuni. Kaja Oman kijana wa miaka ishirini na ushei, akasomesha jiografia Ibra kwa miaka thelathini. Wengi wenu mnaonisikiliza mmepita mkononi mwake. Akichora ramani ya dunia ubaoni bila ya kutazama kitabu, na Korea akiichora mwisho, kisha akisema iko siku atakwenda kuiona kwa macho yake.

Basi alikwenda. Novemba ya mwaka 2018. Walikwenda watu tisa: yeye, mkewe Bi Kaltham, binti yao Khawla, Thuwaini mdogo wake Maalim, na jamaa wengine wa Ibra na Sur. Khawla ndiye aliyepanga safari, na siku ya tatu aliwaandalia matembezi ya kula. Maana yake mnafuatana na kiongozi kwa miguu katika mtaa wa zamani wa Seoul. Mnasimama genge hili mnaonja, mnasimama genge lile mnaonja. Thuwaini akasema hajapata kusikia watu wazima wanalipa ili wakadoee.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapa nataka masikio yenu. Kwetu sinia hufunguliwa na mkubwa. Mpaka mkono wake uguse wali, mikono mingine yote imo magotini. Na mkubwa haulizi kilichomo. Sahani ya mwenyeji haikaguliwi, ni aibu. Maalim Nadhir ndiye aliyekuwa mkubwa wa kila sinia, na watu wakila kwa kuutazama mkono wake.

Mpaka huko Seoul walimtazama.

Kiongozi wao alikuwa bibie mmoja mpole, jina lake Su-jin. Mwanzo wa matembezi aliwaambia kwamba kila pahala keshazungumza na wapishi, wajue kuwa wageni ni Waislamu. Akawaambia pia, mwenye suali amuulize. Lakini soko lina kelele, masufuria yanatoka mvuke, watu wanapigana vikumbo, na Maalim alikuwa na mafua aliyoyapata ndani ya ndege. Nusu ya maneno hayakumfikia. Akaona haya kumrejesha mtu nyuma.

Genge la kwanza ni supu ya samaki. Nafsi inamwambia uliza. Hakuuliza. Akasema bismillahi, akaonja, na wanane wakaonja. Genge la pili ni vipande vya unga wa mchele vilivyopikwa kwa pilipili. Akaonja, wakaonja. Genge la tatu kuna mama wa makamo anakaanga chapati nene za choroko zilizosagwa. Maalim akafurahi kuiona choroko, akatulia kidogo. Bismillahi, akamega, na wote wakamega.

Bi Kaltham akamwambia, "Mbona inanukia kama kwetu?" Maalim pua imeziba, hanusi kitu. Akamjibu mkewe ale, asichambue chakula cha watu.

Alikuwa keshafika nusu ya chapati yake alipoinua macho. Genge la jirani wanauza miguu ya nguruwe, imepangwa mbele, na nyuma yake sufuria kubwa inachemka. Akamuona yule mama anakwenda kule kwa jirani, anachukua kopo pembeni mwa jiko, anarudi nalo. Akalifungua. Akachota pande jeupe, limeganda, akalitia kikaangoni. Likayeyuka.

Maalim akaiweka chini chapati. Akawatazama wenzake. Wanane wote sahani zao tupu, na Thuwaini anaomba ya pili.

Hakusema neno. Si siku ile, si hotelini, si ndani ya ndege. Angelisema nini? Kwamba amewalisha watu wanane mafuta ya nguruwe kwa mkono wake?

Waliporudi Ibra, watu waliona mambo. Kwenye harusi, sinia likiwekwa, Maalim anakumbuka kwamba hana udhu. Kwenye Idi, sinia likiwekwa, Maalim simu inamlia, na hakuna aliyeisikia kulia. Akirudi anakuta wenzake wameshaanza. Wako waliosema ameota kiburi, kwamba tangu kupanda ndege hali tena na watu. Mdomo wa mtu hauna kufuli. Kumbe masikini ya Mungu alikuwa anaogopa. Kila mkono uliongoja mkono wake ulimtia hofu.

Alifunga Jumatatu na Alhamisi, wiki hata wiki. Mara moja alikwenda Nizwa kumuuliza sheikh mmoja, akajifanya anamuulizia rafiki. Sheikh akamwambia asiyejua hana dhambi, na amtulize rafiki yake. Maalim hakutulia. Khawla ananiambia maneno haya baba yake aliyarudia mara nyingi mwishoni: "Mimi si asiyejua. Mimi nilikuwa na mdomo."

Mwaka huu akaingia hospitali, moyo. Siku ya nne akamwita Khawla, akamwambia afunge mlango. Akamtolea yote. Chapati, kopo, pande jeupe, wanane. Akamuomba binti yake msamaha kwa alichomlisha. Khawla anasema hakujua acheke au alie. Alitoka nje ya chumba, akaitafuta namba ya Su-jin ndani ya simu, akamuandikia. Miaka saba imepita, hakutaraji jibu.

Jibu lilikuja siku ya pili asubuhi, refu. Khawla akalisoma kitandani kwa baba yake, analifasiri kidogo kidogo, na Bi Kaltham yupo. Su-jin anasema anawakumbuka. Anasema mama yule siku zote hukaangia mafuta ya nguruwe, ndiyo maana yeye mwenyewe asubuhi ile alikwenda duka lililo karibu na msikiti, akamnunulia kikaango kipya na kopo la mafuta ya nazi. Kwa baridi ya Novemba yakaganda. Wakaliweka kopo, na kifuniko chake, pembeni mwa jiko la jirani lipate moto.

Mafuta ya nazi, wasikilizaji wapendwa. Narudia, ya nazi. Yale yale yanayoganda kwenye chupa ya Bi Kaltham ya kupaka nywele kila baridi ya Ibra ikiingia. Maalim akiipita chupa ile kila siku akienda kusali.

Bi Kaltham akasema, "Sikukwambia inanukia kama kwetu?"

Maalim akamgeukia mkewe. Kisha akasema, "Mtoto wa Kikwajuni mimi, nimeikimbia nazi miaka saba." Akacheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini. Kisha akalia.

Lakini barua ya Su-jin ilikuwa haijesha. Alisema mama yule mpaka leo anamuulizia mzee aliyeacha nusu ya chapati. Alidhani chumvi ilizidi. Tangu siku ile amepunguza chumvi.

Maalim akafuta machozi. Akamwambia Khawla amuandikie upesi kwamba chumvi ilikuwa sawasawa, na kwamba kosa ni la mzee.

Jioni ile Bi Kaltham alipika chapati za choroko kwa mafuta ya nazi, akazileta hospitali zimefunikwa kawa. Watu wakakizunguka kitanda. Mikono yote magotini. Maalim Nadhir akasema bismillahi, akatangulia kumega. Mara ya kwanza tangu Seoul. Siku tisa baadaye akarejea kwa Mola wake.

Nilikwenda kuhani msiba siku ya pili. Sinia la kwanza lilitoka kwa jirani yao, Bi Tamima. Likawekwa. Likafunuliwa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tulikaa vile, wali unatoka moshi, kila mtu anaungoja mkono ambao haupo. Mwisho macho yakamwendea Thuwaini, kwa sababu sasa mkubwa ni yeye. Thuwaini akautazama wali. Kisha akageuka mlangoni aliposimama Bi Tamima, akamuuliza, "Dada, umetia nini humu?"

Mzee mzima anauliza, mbele za watu, msibani. Na hapana aliyekasirika. Bi Tamima akajitanda vizuri mtandio, akamjibu kimoja kimoja: mchele, mbuzi wa nyumbani, samli, ndimu kavu, bizari. Thuwaini akamshukuru. Akasema bismillahi. Mikono ikaingia, na wengi tulikula machozi yanatutoka.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi Kaltham, Khawla, mzee Thuwaini, na ukoo wote wa Maalim Nadhir bin Khalaf, Ibra, Sur, Nizwa na Unguja, sisi sote hapa redioni tunakupeni pole. Mungu amrehemu na amkunjulie kaburi lake. Na wewe msikilizaji, labda kuna mtu umemdhania jambo, umekaa nalo moyoni mwaka wa ngapi sijui. Huenda naye huko aliko anapunguza chumvi kwa sababu yako. Muulize leo. Mdomo unao.